Sikuchagua, Mwalimu

Simu iliita nikiwa uani naanua mahindi, wingu limeshafunga upande wa milimani, kwa hiyo niliipokea kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika debe. Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyelia mpaka machozi yakamwishia. "Shikamoo Baba Mwalimu. Ni mimi, yule wa mwisho, wa kule ziwani. Baba ametutoka leo alfajiri." Nikaweka debe chini. Mvua ilinyesha, mahindi yakalowa, nami sikuwa na nguvu ya kuyahangaikia. Aliyefariki hakuwa ndugu yangu, wala hatukusoma pamoja. Alikuwa jirani yangu hapa Mbinga enzi zile akiwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Mtu wa Maguu, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kujipapasa kiunoni akizungumza, pale funguo za ghala zilipokuwa zikining'inia. Wasomaji wa zamani wa safu hii wanamfahamu. Ni yule baba niliyemwandika miaka mingi iliyopita chini ya kichwa "Baba Aliyemchagua Mtoto", makala ambayo watu walinipongeza kwayo hadi nikavimba kichwa. Leo namwandika mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nilikosea.

Vijana waliozaliwa baadaye huenda wasielewe ilivyokuwa soko huria lilipoifikia kahawa yetu. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mlango mmoja tu wa kupeleka kahawa yake, chama, na jirani yangu ndiye aliyekuwa na funguo za mlango ule. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wakanunua hadi barazani kwa mtu, na misimu haikupita mingi ghala la chama likabaki na magunia matupu na panya. Neno la enzi zile lilikuwa hiari. Mkulima auze kwa hiari yake, mfanyabiashara anunue kwa hiari yake, na hata wafanyakazi waliopunguzwa walipewa barua zikisema wamestaafu kwa hiari. Jirani yangu alinionyesha ya kwake tukiwa kwenye ngazi za nyumba yangu. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja shati la kanisani, akasema, "Mwalimu, kumbe niliomba mwenyewe." Tulicheka. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Mke wake alikuwa Mnyasa, mtu wa ziwani, muuguzi wa zahanati moja ya serikali kule ufukweni, kati ya Liuli na Mbamba Bay. Kwa miaka waliishi hivyo, yeye huku juu na mkewe kule chini na watoto, wakitembeleana kila barabara iliporuhusu. Barua ile ilimkuta mkewe ametoka kujifungua mtoto wa nne, binti. Likizo ya uzazi ilipokwisha mama alitakiwa kurudi wodini. Mama yake mzazi alikuwa ameshafariki, dada zake walikuwa mchangani kutwa nzima wakianika usipa, wale dagaa wa ziwani, na msichana wao wa kazi alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumsalimia shangazi yake Songea, hakuonekana tena. Mshahara uliobaki ndani ya nyumba ile ulikuwa mmoja, wa mama. Basi jirani yangu akafunga nyumba ya Mbinga, akapanda lori la kushuka ziwani, akaenda kumlea mtoto ugenini kwa wakwe zake.

Niliwatembelea mara ya kwanza wakati wa masika, na jambo nililoliona siku ile nimelisimulia kwenye harusi na kwenye misiba mpaka limechakaa. Ninyi wenzangu wa milimani mnaijua ngoro. Mnajua tunavyofyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba, kisha wanawake wanazifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji ya mvua ili mlima usimomonyoke. Ni kilimo cha mteremko. Wazee wetu hawakukibuni kwa ajili ya mahali palipo bapa. Sasa jirani yangu alikuwa amepewa na wakwe zake kipande cha shamba la muhogo hatua chache kutoka majini, mchanga mtupu, umelala kama meza, na humo ndani alikuwa amechimba ngoro. Alilaza nyasi yeye mwenyewe, akafukia yeye mwenyewe, mtoto mgongoni. Mvua ilipokuja mashimo hayakuwa na pa kuyapeleka maji. Nilikuta madimbwi yamejipanga mistari, muhogo unaoza, na bata wa jirani wameshahamia. Wanawake wa usipa walikuwa wanapita wanashika mbavu. "Shemeji," mmoja akamwambia mbele yangu, "sisi samaki tunawafuata ziwani, wewe umeamua kuwachimbia nyumba?" Mwingine akadakia, "Mwacheni shemeji yetu. Asubuhi ananyonyesha, mchana anachimba, mnataka afanye nini tena?"

Hilo la kunyonyesha nalo lilikuwa na chanzo chake. Kila siku saa nne alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akatembea naye njia ya ufukweni hadi zahanati, akasimama nyuma kwenye dirisha la chumba cha sindano. Mkewe akipata upenyo anatoka, anakaa kwenye tofali, ananyonyesha akiwa na yunifomu yake, kisha anarudi ndani. Saa nane safari nyingine. Mwanamume wa Kimatengo, aliyewahi kushika funguo za kahawa ya kata nzima, anatembea mchangani na mbeleko mgongoni! Nilimhurumia, na nakiri pia nilimwonea aibu. Jioni ile nilimuuliza kilichomfanya achimbe ngoro pale, mtu mzima mwenye akili zake. Akajipapasa kiunoni. "Nilijua hazitashika," akasema. "Lakini mtu akipita aone jembe limelala chini na udongo umefukuliwa. Aone nina kazi." Neno lile sikuliandika kwenye makala yangu. Niliandika bata, kwa sababu bata walichekesha.

Binti alipokaribia miaka miwili na kuachishwa kunyonya, ikaja habari njema. Mnunuzi mmoja binafsi alikuwa amefungua ghala hapa Mbinga na alitaka mtu anayeijua kahawa kwa mkono na kwa pua. Mtu akamtajia jirani yangu. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile. Alipanda juu akiwa na binti, kwani mkewe alikuwa kwenye zamu za usiku na wale wakubwa watatu waliweza kujitazama wenyewe. Mpango ulikuwa hivi: msichana wa kumlea angetoka Maguu baada ya siku mbili, kwa nduguze, na kwa siku hizo mbili mtoto angekaa na mke wangu, ambaye alikuwa amekubali kwa moyo mweupe. Lakini usiku wa kuamkia siku ya kuanza kazi mke wangu aliitwa msibani kwao, akaondoka na gari la kwanza. Asubuhi jirani akanikuta mlangoni niko peke yangu. Shule zilikuwa zimefungwa, sikuwa na darasa wala udhuru. "Niachie mimi," nikamwambia. "Mtoto ni mtoto tu. Nafundisha arobaini na tano, nitashindwa na mmoja?" Akanitazama kwa muda, kisha akanikabidhi binti, mfuko wa nguo na chupa ya uji, akaondoka anakaribia kukimbia.

Hadi saa tatu tulikuwa marafiki. Saa nne, ile saa aliyozoea kupelekwa dirishani kwa mama yake, akaanza kulia, na hakunyamaza tena. Nilimpa uji akautema. Nilimwonyesha kuku. Nilimbeba begani, nikamwimbia nyimbo za mchakamchaka, nikazunguka naye nyumba mpaka majirani wakatoka nje kuona ni nani anachinjwa. Nilijaribu mbeleko, ikafunguka, nikamdaka kwa mguu mmoja. Alitapika kwenye shati langu. Ilipofika saa nane na nusu nilikuwa nimeshindwa, wasomaji wangu, nasema wazi. Hakuwa na homa, hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anamtaka baba yake, nami nilikuwa nimechoka. Nikamchukua nikaenda naye ghalani.

Malori yalikuwa yamepanga foleni langoni. Jirani yangu alikuwa katikati, vumbi la kahawa hadi kwenye kope, funguo kiunoni, anachovya mkono gunia hili na lile, ananusa, anaelekeza vijana: hili kushoto, lile lirudi likaanikwe tena. Alikuwa amenyooka kabisa, amerudi kuwa yule mtu niliyemfahamu. Mtoto alipomwona akanyoosha mikono yote miwili na kupiga yowe ambalo nadhani lilisikika Litembo. Kila mtu akageuka. Mwenye ghala naye akageuka. Hakuwa mtu mbaya, simsingizii. Alimwambia kwa upole kabisa, "Mzee, kama una mtoto mdogo yamalize kwanza ya nyumbani. Mimi msimu haunisubiri." Jirani akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama foleni ya malori. Kisha akafungua mkanda, akatoa funguo, akaziweka juu ya mizani, akaja akampokea binti. Kilio kikakatika papo hapo. Kesho yake wakashuka ziwani, na yule msichana wa kutoka Maguu alifika siku iliyofuata akakuta nyumba imefungwa.

Hicho ndicho nilichokiandika. Niliandika kwamba katika nyakati ambazo kila mtu anakimbilia pesa, nimemwona kwa macho yangu baba aliyewekewa funguo upande mmoja na mtoto upande mwingine, akamchagua mtoto. Ilikuwa makala tamu. Paroko mmoja aliitaja kwenye mahubiri. Barua zilikuja kutoka mbali. Miezi michache baadaye jirani akaja kwangu, gazeti limekunjwa mfukoni. Hakukaa hata nilipomsogezea kiti. "Mwalimu, umeandika nimechagua," akasema. "Sikuchagua, Mwalimu. Nani aliniuliza? Kila asubuhi mke wangu anafunga mkanda wa yunifomu analia, na mimi nafunga mbeleko nalia. Yeye anataka kubaki, mimi nataka kwenda. Tungeruhusiwa kubadilishana tungebadilishana siku ile ile. Siku ile ungemvumilia mtoto mpaka jioni, leo ningekuwa mtu wa ghala. Mimi sikulaumu, mtoto alilia. Lakini usiseme nilichagua. Rekebisha." Nilimjibu kwa maneno mengi. Nilimwambia wasomaji wamependa, kwamba ni sifa kwake, kwamba mtu hakanushi sifa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuandika sehemu yangu. Sikurekebisha, na yeye hakuniomba tena.

Tangu hapo nimekuwa nikiliwaza jambo hili kila ninapowasikia watu wakibishana redioni kama mama afanye kazi au akae nyumbani, kana kwamba kuna mtu amesimama njia panda na kikapu chake, anaangalia kushoto na kulia. Bibi zetu hawakuulizwa swali hilo. Walifukia ngoro na mtoto mgongoni, na karani alipokuja kuandikisha watu akaandika kwamba hawana kazi. Wale wanawake wa usipa waliomcheka shemeji yao walikuwa na watoto wao palepale mchangani, wanacheza chini ya chanja. Kazi na mtoto vilikaa mahali pamoja, ilikuwa taabu, lakini ilikuwa taabu moja. Tulipopata kazi za ofisini, za wodini na za ghalani, tulipata pia lango, na mtoto akaachwa nje ya lango. Tangu siku hiyo lazima awepo mtu wa kukaa naye huko nje, na mtu huyo ni bibi, au dada mkubwa anayekosa shule, au binti wa watu anayelipwa kiasi ambacho mimi na wewe tungeona haya kukitaja. Asipokuwepo mtu huyo, mzazi mmoja anabaki. Sisi tunakuja baadaye kumpa jina zuri au jina baya: huyu ana moyo, yule hana huruma, huyu mvivu, yule anapenda pesa. Sioni kama tunastahili kutoa majina hayo.

Yule binti alikua, akasoma, akapata kazi katika ofisi moja ya serikali huko Mbamba Bay. Kwenye sherehe ya kumuaga alipokuwa anaolewa, mshereheshaji aliinua kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai, kimebandikwa kwenye kadibodi, akakisoma chote kwenye kipaza sauti. Ilikuwa makala yangu. Binti alikuwa ameitunza tangu utoto. Watu walisimama wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na baba mtu akanyanyuliwa kutoka kwenye kiti akawapungia mkono. Nilitamani ardhi inifunike. Baadaye baba yake alinifuata nilipokuwa nimejibanza karibu na kreti za soda. Alikuwa ameshazeeka, lakini mkono bado ulikwenda kiunoni. "Iache, Mwalimu," akaniambia. "Imeshakuwa yake." Nami nikafurahi kuiacha, kwa sababu ilinifaa mimi pia.

Tumemzika Maguu, juu kabisa, mahali ambapo ukisimama unaona ngoro zimeshuka mlima mzima, safi, zote zikishika maji yake. Mkewe alikuwa amekaa mkekani na wanawake wa nyumba, amestaafu sasa, miguu imevimba. Baada ya watu kula, binti alinivuta nyuma ya jiko. Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa mgongoni. Nilidhani anataka kunishukuru, nikawa nimeshaandaa maneno. Akatoa kadibodi ile kwenye mkoba. "Baba Mwalimu, nimeandika barua ya kuacha kazi," akasema. "Bado sijaipeleka. Likizo yangu iliisha, nikarudi ofisini, mtoto namwacha kwa jirani. Kila asubuhi nikimwacha analia, nikirudi naisoma hii. Baba alikuwa mwanamume, wakati ule, watu wanamcheka, na alinichagua mimi. Mimi ni mama mzima, nashindwa. Mume wangu vibarua vyake leo vipo, kesho havipo, na mama naye ananitegemea. Lakini baba aliweza. Mimi nina ubaya gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Makala yangu tamu ilikuwa imekaa kwenye nyumba ya mtu miaka yote hiyo, na sasa ilikuwa inamhukumu kila asubuhi. Nikamwambia akae juu ya kinu, mimi nikakaa kwenye gogo la kuni, na nikamsimulia yote: ngoro za mchangani zilichimbwa kwa nini, mama yake alilia nini akifunga mkanda, mimi nilimbeba saa ngapi kumpeleka ghalani na kwa sababu gani, na baba yake aliniambia nini akiwa amesimama sebuleni kwangu. Nilisimulia mpaka mwisho. Mtoto aliamka, binti akamgeuzia mbele akampa titi. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo, "Kwa hiyo hakunitaka?"

"Alikutaka," nikamwambia. "Alikutaka wewe na alizitaka zile funguo. Alivitaka vyote viwili, kama unavyovitaka wewe. Hakukuwa na mtu wa kumsaidia kushika kimoja." Akalia sana, nami nikalia. Lakini alipojifuta uso nilimwona ameshusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Sijui kama ile barua aliipeleka. Sikumuuliza, na sitamuuliza, maana nimeshajifunza kwamba swali la aina ile linamhusu anayekuja kushika mtoto, na mimi nakaa mbali na Mbamba Bay. Alipoagana nami alinirudishia kadibodi ile. "Iandike tena," akasema. "Iandike vizuri, nimwekee huyu."

Basi naiandika. Ikiwa funzo linatakiwa, ni hili: kabla hujamsifu mzazi kwa kubaki nyumbani, au kumlaumu kwa kwenda kazini, uliza kwanza ni nani aliyekuwepo wa kumshikia mtoto, na kama ulikuwa ni wewe, ulimshika mpaka saa ngapi. Niliandika zamani kwamba jirani yangu alirudisha funguo kwa sababu alimchagua mtoto. Naomba wasomaji waifute sentensi hiyo. Alirudisha funguo kwa sababu mimi nilimwambia "niachie," akaniamini, na ilipofika saa nane na nusu mchana nikachoka.